Tofali la Bawa la Kushoto

Walimsimamisha Suratha uwanjani, mikono juu,
bwana wa ng'ombe mia tatu, jasho likimtiririka kwapani,
wakanyoosha uzi toka unyayo wake hadi ncha ya kidole.
Kuhani Vamaka akaukunja, akanirushia.
Hakunipa; alinirushia, vidole visije vikakutana.
"Huo ndio urefu wa mtu," akasema.
"Tofali lako na lipimwe kwa huo."

Usiku nikajipima nao, nimelala chali.
Ulinizidi shubiri na nusu.
"Basi mimi si mtu mzima," nikamwambia mke wangu.
Akasema, "Ongeza kuni."

Matofali elfu, safu tano,
ndege wa udongo aliyeelekea macheo,
ambaye mabawa yake yangemfikisha bwana mbinguni.
Udongo wa Yamuna niliukanda mimi,
kwa miguu hii iliyopasuka kama mto wa kiangazi,
na pumba za shayiri, na majivu, na nywele za mbuzi.
Wanasema sisi tulitoka miguuni mwa yule Mtu wa kwanza,
wao kinywani.
Sijui. Siku hiyo sikuwepo.
Vamaka naye hakuwepo,
ila husimulia kama aliyeshika taa.

Tofali la mia nne na kitu lilikuwa bado bichi
Sikata alipopita mbio, miaka minne, akimfukuza mwanambuzi.
Pwata!
Vidole vitano na kisigino,
kidole gumba kimezama zaidi, kama muhuri.
Nilipaswa kulivunja.
Niliinua kiganja chenye maji nilisawazishe,
kiganja kikagoma hewani.
Nikaligeuza kifudifudi. Nikalichoma na wenzake.

Siku kumi na mbili tulikaa ng'ambo ya boma la miiba,
upande ule upepo unakoelekea, kwa hiyo moshi wote ulikuwa wetu.
Wao walikuwa na maneno; sisi tuliokota mikia ya maneno.
Samli ilinukia hadi watoto wakalamba midomo.
Mke wangu alihesabu vijiko kwa masikio,
kila moto ulipopiga chafya.
"Hapo wameunguza chakula cha mwezi."
Nikamziba mdomo, huku nami nahesabu.

"Baba, mguu wangu uko wapi?"
"Bawa la kushoto. Safu ya chini kabisa. Nyamaza."
Sikata akafikiri, kidole puani.
"Basi akiruka, ataruka na mguu wangu."

Hakuruka.
Walimaliza, wakakunja mikeka ya nyasi, wakagawana ng'ombe,
ndege akaachiwa kunguru.
Suratha alikwenda vitani kugombea kivuko,
akarudishwa juu ya mkokoteni,
mfupi kuliko uzi wake.

Mvua za mwaka wa tatu ziliangusha bawa.
Mbuzi ndio waliotangulia kupanda madhabahuni,
hawakuulizana ukoo.
Sikata akachimbua, akalipata, akalipangusa kwa mate,
akaingiza mguu.
Kisigino kilikaa nje: amekua.
Akanyamaza kidogo,
kama mtu aliyerudi kwao akakuta mlango mfupi.
Kisha akajitwisha tofali hadi nyumbani,
shingo imenyooka, vumbi jekundu likimdondokea mabegani.

Sasa ndilo tunaloegeshea mtungi wa maji.
Vamaka hupita alfajiri akielekea mtoni kuoga;
hugeuza uso asituone.
Mtungi hauyumbi.